Majina Saba Kwenye Plasta

Wadogo zangu, mliniomba nije kanisani nisimame mbele yenu, nieleze kazi yangu ya mpira na jinsi mtu anavyofanikiwa. Sikukataa kwa kiburi. Siku hizi nikisimama mbele ya watu maneno yananiponyoka katikati, nabaki nimeshika kipaza sauti kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Kwa hiyo naandika. Naandika asubuhi, kidogo kidogo, kabla kichwa hakijaanza kuuma, na dada yangu Neema anasoma baadaye kuona kama sikusema jambo moja mara tatu. Mkiona nimerudia, mlaumuni Neema.

Msicheke nikijiita mzee. Nina miaka thelathini na sita. Wazee wetu hapa Louisville wananiita kijana, wananituma kubeba viti baada ya ibada. Lakini katika kazi yangu mtu akifika thelathini anaitwa babu. Mimi nilitoka nikiwa na thelathini na moja, na hata hapo nilikuwa nimekawia.

Nilikuwa kona. Kwa mama zenu ambao hawajui mpira huu wa yai, nitaeleza hivi. Kuna mtu wa timu ile nyingine, kazi yake ni kukimbia mbele mbio sana na kudaka mpira unaorushwa. Kona ndiye anayemzuia asidake. Mwenzako anajua anakokwenda, wewe hujui. Yeye anakimbia mbele, wewe unaanza kwa kurudi kinyumenyume huku unamtazama. Ukishindwa, uwanja mzima unakuona, na mwenyewe uko peke yako pale pembeni na jina lako limeandikwa mgongoni. Ukishinda hakuna anayekuona, maana mpira haukuja upande wako. Mama mmoja wa kanisa letu kule Buffalo, upande wa East Side, aliniuliza nikiwa nimekuja kumsaidia kutoa theluji mlangoni: "Donc, wanakulipa ukimbie kinyumenyume?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema, "Amerika, kweli!" akarudi ndani kwenye sombe yake, mboga ya majani ya muhogo.

Hilo la kinyumenyume sikulijifunza Amerika. Huko kwetu juu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa ndama. Ndama hafukuzwi, anakimbia ovyo. Unaweka chumvi kwenye kiganja, unamtazama, unarudi nyuma polepole, naye anakufuata. Nilishuka vilima vizima kinyumenyume na sikuanguka. Tulipofika hapa, tukapewa nyumba mtaa wa Iroquois, nikaingia shule, kocha mmoja aliniona uwanjani nacheza na wenzangu nikirudi nyuma bila kugeuka. Akaniita. Kiingereza changu kilikuwa cha "yes" na "thank you" tu. Nikamwambia yote mawili, na siku iliyofuata nikapewa kofia ngumu.

Bon. Mnataka ujuzi, nitawapa, halafu niseme lililonileta.

Usimtazame mtu macho. Macho yanadanganya, mabega yanadanganya, hata miguu inadanganya. Tazama kiuno, hapo chini ya kitovu. Mtu hawezi kwenda mahali kiuno chake hakiendi. Mkono wako mmoja uwe karibu naye bila kumshika. Zamani waamuzi walituachia kushikana kidogo. Siku hizi ukimgusa tu, kitambaa cha njano cha adhabu kiko hewani. Usiruke kabla yake. Na kwenye theluji ya Buffalo fupisha hatua, tembea kama mwanamke mwenye ndoo kichwani, maana ukipanua hatua unalala chali na watu wote wanakuona.

Lakini somo la kwanza kabisa, somo ambalo makocha wote waliniambia kuanzia Louisville mpaka chuo kule Columbus mpaka Buffalo, lilikuwa hili: sahau. Kona lazima awe msahaulifu. Mtu akikupita akafunga, una nusu dakika tu, halafu anakuja tena. Ukibeba lile la kwanza, atakupita la pili. Kocha wangu wa Columbus alikuwa ananipiga kofia kwa kiganja baada ya kosa: "Limekwenda! Limekwenda!" Nami nikawa hodari wa kusahau. Mungu anisamehe, niliona fahari.

Nyumbani somo lilikuwa kinyume chake.

Baba yangu aliitwa Gasore. Alifia kambini Burundi, kwa ugonjwa, baada ya kutembea siku nyingi na miguu imevimba. Tulikimbia tukaacha ng'ombe, nyumba, karatasi zote. Neema alikuwa bado mgongoni. Mama akasema kuna kitu kimoja ambacho hakuna mtu anaweza kukichoma, nacho ni wazee wetu, kwa sababu wako kichwani. Kwa hiyo kila jioni pale kambini, kabla sijapewa sahani, nilisimama mbele ya hema na kuwahesabu. Mnajua desturi yenu, hata kama mnajibu wazazi wenu kwa Kiingereza. Mtoto wa kiume wa kwetu asiyeweza kuhesabu baba zake saba ni mtoto aliyeokotwa njiani.

Mimi ni Daudi wa Gasore, wa Rutambwe, wa Mugaju, wa Sebasaza, wa Ruhogo, wa Kinyoni, wa Bihame.

Nayaandika hapa nikinakili kutoka kwa mwandiko wa mama. Kumbukeni hilo.

Neema hakulazimishwa kuhesabu, ni msichana, mambo ya wakati ule. Lakini alisikia kila siku, akayageuza wimbo wa kuruka kamba. Na kamba ina mapigo yake. Akikaribia mwisho alisema "Kinyoni, Ruhogo" badala ya "Ruhogo, Kinyoni", maana hivyo mguu ulikaa vizuri. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Huyu mtoto anazalisha mwana kabla ya baba!" Hakumkosoa. Kicheko kilikuwa haba pale kambini.

Sasa nirudi Columbus. Mwaka wangu wa pili chuoni niligongana na mtu kichwa kwa kichwa, nikaanguka, nikaamka nacheka. Kwa muda mfupi sikujua kama niko Columbus au wapi. Wakanipumzisha wiki mbili. Mama aliona kwenye televisheni. Alipanda basi kutoka Louisville na mfuko wa ndakala wakavu, dagaa wa kwetu, basi zima likanuka, akafika kwenye bweni letu akakaa kitandani kwangu bila kuvua koti.

Lazima mjue kazi ya mama. Alikuwa anatunza wazee kwenye nyumba moja kule Shively, kuwaogesha, kuwalisha. Wengi walikuwa wamepotewa na akili. Alikuwa na bibi mmoja aliyemwita mama "Dorothy" na kumwomba msamaha kila siku kwa jambo ambalo mama hakulijua. Mama alimsamehe kila siku.

Akaniambia, "Daudi, miye nafanya na watu wamesahau majina ya watoto yao. Najua namna inaanzaka. Inaanza kidogo, mtu anacheka, anasema ni uchovu."

"Mama, hapa kuna madaktari. Kuna mashine."

"Wao wako na mashine. Miye niko na wazee." Akatoa Biblia yake kwenye mfuko, ilikuwa inanuka samaki. "Weka mkono. Kila siku ya mechi, ukimaliza, unanipigia simu mbele ya kula. Unanihesabia wazee saba. Siku utakosa mmoja, unaacha mpira. Haubishane, haungojee. Unaacha."

Nikaweka mkono, nikaapa. Nilikuwa na miaka ishirini. Niliona ni mchezo wa mama, tena mchezo mtamu. Kwa miaka mingi nilipiga simu nikiwa bado na nguo za jasho, wenzangu wakijua: Daudi anasali kwa lugha yake. Mama alisikiliza, nikimaliza Bihame, alisema maneno yale yale aliyosema kambini akinipa sahani: "Asante, mwanangu. Sasa kula."

Buffalo, kwenye timu iliyoniajiri, nilikutana na kona mwenzangu tuliyemwita Babu. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, magoti yake yanalia kama mlango wa zizi. Alinifundisha zaidi ya makocha wote. Alinifundisha kulala mchana, kukata kucha fupi, kusikiliza pumzi ya mtu, kwa sababu anayekaribia kudaka mpira hubana pumzi. Alininunulia koti zito nilipofika na kakoti kangu ka Louisville. Nilimpenda, na sitamsema vibaya. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha hili pia.

Kila mwanzo wa msimu, mwezi wa saba, timu inakuweka mbele ya kompyuta. Wanakuonyesha maneno uyakumbuke, maumbo, unabonyeza kitufe haraka. Wanaweka matokeo yako. Ukigongwa baadaye wanakupima tena, wanalinganisha. Ukiwa umeshuka, hukanyagi uwanja. Babu akaniambia tukiwa kwenye foleni, kwa upole kabisa, kama anayekuonyesha pa kuegesha gari: "Leo uwe mjinga. Ukiwa mjinga Julai, Desemba hawatakuona tofauti."

Nikawa mjinga. Nilisahau maneno niliyoyakumbuka. Nilibonyeza kwa kuchelewa. Tulicheka mpaka machozi tukitoka mle ndani. Nawaambia ukweli, tulicheka.

Mmoja wenu, sitamtaja, aliniuliza mwezi jana kama ni kweli kuna namna ya kukipita kipimo hicho. Alikuwa ananong'ona, macho yanang'aa. Nilimwambia sijui. Nilidanganya, na ndiyo sababu nimekaa kuandika. Namna iko. Nimekwisha kuieleza hapo juu. Sasa someni inakopeleka.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, theluji inaanguka kutoka upande wa ziwa. Jamaa mkubwa wa kubeba mpira wa timu ile nyingine alitokea upande wangu. Kona hapendi kuangusha watu wazito, si kazi yake, lakini ukikwepa wenzako wanakuona. Niliinamisha kichwa. Hilo ni kosa, kila kocha anakwambia kichwa juu, nami nilikuwa nimewaambia watoto wa kanisa letu hivyo hivyo wiki ile ile. Niliinamisha kichwa kwa sababu niliogopa uso wake.

Tukagongana, nikaanguka. Niliamka, nikatembea vizuri, nikaenda kuketi kwenye benchi. Benchi la timu nyingine. Walinipa maji. Mmoja wao akanifunika blanketi kabla hawajagundua. Kila mtu alicheka na mimi nikacheka. Ile picha bado iko mitandaoni, mmeiona, mmeniuliza, nami huwa nacheka tena.

Wakaniingiza kwenye hema dogo la pembeni ya uwanja. Daktari akanipima. Alikuwa mtu mwema, hakuwa na kosa. Alinipima akalinganisha na ule ujinga wangu wa Julai, akaona nimelingana. Nikarudi kucheza nusu iliyobaki, na nilicheza vizuri. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo, kwamba nilicheza vizuri.

Baada ya mechi nikakaa ndani ya gari kwenye maegesho, nimeshika simu. Kabla ya kupiga nikasema nijaribu kwanza peke yangu. Daudi wa Gasore. Wa Rutambwe. Wa Mugaju. Wa Sebasaza.

Wa.

Nikaanza tena. Nikafika pale pale, pamekatika. Yaani si kwamba jina lilikuwa mbali, lilikuwa halipo. Nilijaribu kwa kasi, nikajaribu polepole, nikajaribu nikisimama nje ya gari kwenye theluji kama nilivyosimama mbele ya hema. Nililia, wadogo zangu. Mtu mzima, kona wa Buffalo, nalia kwenye maegesho kwa sababu ya jina la mtu aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa.

Nilikuwa nimeapa. Siku ya kuacha ilikuwa ile. Nilijua kama ninavyojua njaa. Lakini mtu husema: wiki hii tu. Tuko karibu na michuano ya mwisho. Nitakumbuka kesho. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikamwandikia Neema. Wakati huo alikuwa anasoma uuguzi Louisville. Nikamwambia anitumie majina ya wazee saba, nataka kuchora chale mkononi. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama ataniua nikijichora, na akanitumia majina. Kifundo changu cha mkono kilikuwa bado na plasta nyeupe tuliyofunga kabla ya mechi. Nikachukua kalamu, nikaandika majina saba kwenye plasta, nikapiga simu.

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya kawaida, nikaweka pumziko hapa na pale ili isiwe kama nasoma.

Nilisikia televisheni nyumbani, nikasikia maji yakichemka.

"Mama?"

"Niko. Asante, mwanangu," akasema. "Sasa kula."

Nikashukuru Mungu. Ndiyo, nilimshukuru Mungu kwa uongo ule, na nikaenda kula.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya misimu mitatu. Kila Jumapili nilifunga plasta, nikaandika majina upande wa ndani, nikapiga simu, nikasoma. Mama hakuuliza kitu. Niligongwa mara ngapi tena sijui. Nne nazikumbuka, na msahaulifu mnamjua. Kwenye televisheni watangazaji waliona ile plasta, wakasema naandika aya za Biblia. Kanisa la East Side liliposikia hivyo lilifurahi sana, wakaniomba nihubiri.

Halafu siku moja hawakuniita tena. Hakuna sherehe. Kocha anakuita ofisini, anakushika mkono, unatoa vitu vyako kwenye kabati. Babu alikuwa ameshaondoka kitambo. Nikarudi Louisville, nikanunua nyumba Iroquois si mbali na ile ya kwanza, mama akakaa na mimi, na Neema akiwa karibu.

Mwaka wa kwanza nilisahau jiko likiwaka. Nikasema ni uchovu. Nikamkemea muuza duka kwa jambo dogo mpaka nikaogopa mikono yangu. Nikasema ni usingizi.

Siku moja mchana nilikwenda kumchukua mama kazini Shively. Njia ile nimeiendesha mara zisizohesabika. Nikafika kwenye kituo cha mafuta, nikasimama, nikashindwa kujua kama nyumba ya wazee iko kushoto au kulia, au kama nimekwisha kumchukua mama na kumrudisha. Nikatazama kiti cha nyuma kuona kama yupo. Nilikaa pale. Neema ndiye aliyekuja. Mama alikuwa amesubiri muda wa saa mbili mlangoni na mfuko wake wa chakula, na aliponiona hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliinua mkono akanishika shavu, vile nilivyoona anawashika wale wazee wake.

Nikajua amekwisha kuniweka miongoni mwao.

Tulipofika nyumbani, tukakaa mezani, sisi watatu. Nikasema, "Mama, nilikudanganya."

"Najua."

"Hapana, hujui. Wazee wale. Nilikuwa nasoma kwenye plasta. Tangu ile mechi ya theluji."

"Daudi. Najua." Alikuwa anachambua maharage, hakuacha. "Siku ile ulisema Kinyoni mbele ya Ruhogo. Tangu uko mtoto mu kambi haujawahi kukosea pale. Kuna mtu mmoja tu mu dunia anasemaka vile. Nikajua ni Neema amekuandikia."

Neema aliweka kiganja mdomoni. Alikuwa hajajua mpaka dakika ile kwamba ile chale ilikuwa uongo tangu mwanzo.

"Mama," nikasema, "mbona hukuniambia? Niliapa mbele yako! Ungesema neno moja tu, ningeacha!"

"Ungeacha?"

Nikaokota harage lililoanguka mezani.

"Haungeacha," akasema. "Ungekasirika. Na Jumapili ingine haungepiga simu." Hapo ndipo mikono yake iliposimama juu ya maharage. "Nilijiambia, bon, wiki kesho nitamwambia. Wiki kesho ilifika, simu ikalia, nikasikia sauti yako. Miye nilikuwa napenda ile simu, Daudi. Siku saba nilikuwa nangojea ile simu. Donc, nilinyamaza. Nilikuona unapotea, nikanyamaza, juu ya kupenda ile simu." Akalia kwa sauti, mama yangu ambaye hakulia kambini mbele yetu. "Unihurumie."

Nilipiga magoti pale jikoni. Sijui nani alimsamehe nani. Neema alituambia kwa Kiingereza kwamba sisi wawili ni wajinga, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mama aelewe vizuri.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo bado hakijaniumbua. Nimeumbuliwa na mambo madogo: kituo cha mafuta, jiko, jina la jirani. Daktari ninayemwona sasa anasema tusubiri tuone. Nampenda kwa kutonidanganya.

Kwa hiyo wewe uliyeninong'oneza, na nyinyi wengine mnaocheza shuleni na mnaotaka kwenda vyuoni: nendeni, sikuwakataza, mpira ulinipa nyumba ninayoandikia humu. Tazameni kiuno. Kichwa juu siku zote, hata ukimwogopa mtu. Lakini Julai jibuni kwa akili zenu zote. Na kama nyumbani kuna mtu anayewauliza jambo kila wiki, hata kama ni jambo la kizee, la kijinga, mjibuni kwa mdomo wenu wenyewe. Na nyinyi wazazi, kama karatasi hii itawafikia, mkisikia mtoto anasoma, msingoje wiki kesho.

Siku hizi kila Jumapili baada ya ibada tunakaa mezani. Mama ameandika majina saba kwa mwandiko wake mkubwa, karatasi iko kwenye friji, lakini hairuhusiwi wakati wa kuhesabu. Yeye anasema, mimi narudia. Mara nyingine nafika matatu, mara nyingine matano. Hanikaripii.

Jumapili iliyopita nilimwambia asiseme, nataka kujaribu mwenyewe. Nilisimama nyuma ya kiti. Nilijisikia vizuri, kichwa chepesi, na majina yakaanza kuja moja baada ya jingine bila kuvutwa, hata nikaanza kutabasamu kabla sijamaliza. Mimi nilijua tu kwamba nimefika mwisho, yote saba, bila karatasi, mara ya kwanza tangu Buffalo. Neema ndiye aliyenieleza kesho yake nilivyosema, na nimemwomba aniandikie hapa vile vile:

Daudi wa Gasore, wa Rutambwe, wa Mugaju, wa Sebasaza, wa Kinyoni, wa Ruhogo, wa Bihame.

Nikamtazama mama, nangoja. Alikuwa ameangalia sahani yangu. Akainyanyua, akapakua chakula, akaisogeza mbele yangu kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sasa kula."